Kofi Nililompiga Mtani kwenye Msiba wa Mama

Nianze na aibu yenyewe nisije nikaizungukazunguka. Mie ndiye yule mwanamke aliyempiga mtani kofi kwenye msiba wa mama yake mzazi, mbele ya wanawake wa Tandika nzima, huku masikioni ana pamba iliyobaki kwenye kumwosha marehemu. Mkisikia inasimuliwa kwingine (nasikia imeshafika mpaka Tabata, na huko wameongeza kwamba nilimng'ata), basi jueni ni mie, Zuhura fundi cherehani, na kung'ata sikung'ata. Mengine yote ni kweli.

Kabla hamjacheka niwaelezeni nilivyo, maana bila hilo mtaniona kichaa, na ruhusa mnayo. Mie nimezaliwa na ngozi inayosikia kila kitu. Lebo ya nyuma ya blauzi naikata kabla sijaivaa, sufuria ikikwaruzwa na mwiko wa chuma meno yananiuma, na harufu ya karafuu maiti inanipanda kichwani inakaa huko siku nzima. Utotoni mtu akibamiza mlango nilikuwaga nashtuka mpaka nadondosha nilichoshika, halafu kutulia kwenyewe ni mpaka jioni. Hilo wengi wanalo. La pili ndilo baya. Mwili wangu unapiga kelele zote hizo lakini sijui unasema nini. Nikiwa na hasira najua tu tumbo limekaza. Nikiwa na huzuni nahisi njaa. Nikiogopa vidole vinakufa ganzi, nami nadhani nimeulalia mkono.

Aliyekuwa anajua ni mama. Mume wangu aliponiacha akaenda kuishi na mwanamke wa Kipawa, mie sikulia, nilijikuna. Nilijikuna mikono mpaka ikatoka alama, nikanunua dawa ya fangasi nikajipaka shingo hadi viwiko, nanuka kama zahanati. Mama akaja, akaniangalia ninavyojipaka, akaninyang'anya ile dawa. "Hii siyo fangasi, Zuhura," akasema. "Umeonewa na unataka kulia." Basi nikalia palepale, na mikono ikaacha kuwasha. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka yote, mie nahisi, yeye ananiambia nahisi nini. Wengine waliobaki walijua jambo moja tu juu yangu, kwamba nina roho ngumu.

Na katika hao wengine yumo dada yangu Rehema. Tumezaliwa wawili, yeye mkubwa, na baba alishatangulia zamani. Rehema akilia hata mbuzi wanasimama kusikiliza. Akifurahi anarukaruka, akikasirika anasusa chakula, kila kitu chake kiko nje kama nguo kwenye kamba, kwa hiyo mtu wa namna yangu hamwelewi. Mama alikuwa anakaa katikati yetu kama mkalimani: "Mdogo wako amefurahi, we humuoni? Ndivyo anavyofurahi." Mama alipokufa mie nilibaki na kitu kimoja tu cha kupoteza, nacho ni Rehema aamini kwamba na mie nilikuwa nampenda mama. Nikikosa hilo sina ndugu. Nililijua hilo toka asubuhi ile, na nikalipoteza kabla ya adhuhuri.

Mama alifariki hospitali, presha. Rehema akanipigia alfajiri, sikusikia neno ila kilio, nikaelewa. Nikakata simu na hapohapo nikashikwa na njaa, siyo njaa ya kawaida, njaa ya kutetemesha, nikapita kwa mama ntilie wa pale kona nikala chapati tatu na maharage nimesimama wima, ndipo nikaenda msibani. (Mama ntilie naye akafunga biashara akaja kutuhani. Mnaona mambo yanavyojipanga.)

Msiba wenyewe ulishikwa na mama mkubwa Mwanaisha, dada yake mama, mtu wa kuamrisha hata sisimizi wapite wapi. Waoshaji walikuja mapema, wakamwoshea mama chumbani kwake. Rehema aliingia. Mie nilifika mlangoni, ile karafuu maiti ikanipiga puani, nikarudi nyuma. Mama mkubwa akaniona.

"Basi simama hapohapo upokee vitu," akasema, na uso wake ukasema mengine.

Nikasimama. Nikawa napokea ndoo, naingiza maji, natoa kopo, naingiza mashuka. Nikajipa moyo kwamba siyo neno, akishakafiniwa wafiwa tutaitwa kumuaga kabla hajafunikwa uso, na mie nitaingia nimwangalie vizuri, karafuu au siyo karafuu. Hilo ndilo nililokuwa nalingoja. Mwishoni wakanitolea sinia lenye mabaki, kipande cha sabuni, chupa ya marashi na bunda la pamba. "Weka pembeni, hivyo vitafukiwa," wakaniambia. Nikaenda kukaa sebuleni, sinia miguuni kwangu.

Sasa hiyo sebule. Wanawake wamejaa mkeka hadi mkeka, huyu analia, yule anambembeleza anayelia kwa sauti kubwa kuliko ya huyo anayelia, nje kwenye turubai la wanaume spika inasoma Kurani na kukoroma, uani kuna anayetwanga vitunguu saumu, mtoto wa mtu kapakatwa mbele yangu anapiga yowe kwa sababu ya joto, na simu ya mama mmoja inaita kwa mlio wa singeli naye hawezi kuizima kwa sababu kazimia. Masikio yakaanza kuniuma, kuuma kweli, kama yamechomwa sindano. Nikatazama chini, nikaiona ile pamba. Mama mwenyewe ndiye aliyenizoesha, harusini kwenye ngoma alikuwa ananichania vipande viwili ananiziba masikio ili nami nikae na wenzangu. Basi nikachana vipande viwili, nikaziba, nikavuta mtandio. Uamuzi wote ulichukua muda wa kupiga chafya. Sikuwaza ni pamba ya nani. Niliwaza pamba.

Nikapumua kwa mara ya kwanza siku ile. Nikakaa mgongo umenyooka, nimetulia, natazama ukili wa mkeka unavyopishana.

Mama mkubwa akaita wafiwa. Wanasema aliita mara tatu, na kwa sauti yake ile ya kuita watu walioko Mbagala. Rehema akaingia, akamuaga mama, akatolewa amebebwa. Dada za mama wakaingia. Wajukuu wakaingia. Mie nimekaa, macho makavu, sigeuzi shingo. Kwa waliokuwa wananiangalia (na walikuwa wananiangalia), mtoto wa marehemu alikuwa amekataa kumuaga mama yake. Wakamfunika uso, wakamtoa kwa mlango wa uani kwenda kumweka kwenye jeneza, na mie bado nangoja kuitwa.

Sie ni Wazaramo, na watani wetu ni Wanyamwezi. Mtani kazi yake msibani inajulikana. Atajifunga nguo ya marehemu, atatembea kama marehemu, atadai urithi, atalala mlangoni jeneza lisipite mpaka apozwe, yote hayo ili nyie wafiwa msizame mkapotea. Na wewe unacheka, au unatoa chochote, au unaangalia pembeni, ila hukasiriki. Mtani hakasirikiwi. Hilo mtoto wa kwetu analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mtani wetu mkubwa pale mtaani ni Mama Maganga, mtu wa Tabora, muuza karanga, ambaye yeye na mama walitupiana vijembe kila asubuhi ya Mungu na siku isiyo na kijembe wote wawili waliiona imepungua.

Basi Mama Maganga akaja kunitazama nina nini. Kajifunga kanga ya mama ya zambarau, juu kifuani kama mama alivyokuwa anajifunga, anavuta mguu wa kushoto kama mama, na watu wameshaanza kucheka na machozi yao usoni. Akainama mbele yangu. Midomo naiona inakwenda, maneno siyasikii. Akavuta mtandio wangu, akaiona pamba, akaichomoa moja. Kilichofuata nilikisikia kwa sikio moja.

"Wazaramo nyie kwa ubahili," akawaambia watu, kaishika ile pamba juu. "Maiti wawili, jeneza moja. Huyu mmemziba masikio, sanda mmemnyima."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Watani wenzake wawili wakanishika, wakanilaza, Mama Maganga akaifungua ile kanga ya mama (ndani alikuwa na dera lake) akanifunika nayo hadi usoni, wakaanza kunililia. Ni utani wa kawaida kabisa, nimeuona ukifanywa kwa watu wengine na nimeucheka. Lakini kanga ile ilikuwa bado inanuka mama, mafuta ya nazi na tangawizi, nami niko ndani yake gizani, sikio moja limezibwa na moja liko wazi, ndipo Mama Maganga akaniinamia akaongea kwa sauti ya mama, ile ya chini yenye mkwaruzo, ileile.

"Zuhura we," akasema, "una nini?"

Tumbo likakaza. Nikaona mkono umetoka ndani ya kanga. Nilijua kwamba nimekasirika baada ya kofi kutua, na halikuwa kofi la kuazima, lilimpeleka Mama Maganga mpaka kwenye miguu ya yule mama aliyezimia, naye akazinduka.

Msiba mzima ukanyamaza. Ukimya nilikuwa nimeutafuta toka asubuhi, nikaupata.

"Umempiga mtani," mama mkubwa akasema. Alisema taratibu kama mtu anayesoma kibao. Halafu akakiona kipande kilichobaki kwenye sikio la pili. "Na hiyo pamba umeitoa wapi?"

Mie kwa ujinga wangu wa kusema kweli nikajibu, "Kwenye sinia."

Kuna vitu havihitaji kuelezwa. Mtu anayechukua kitu cha maiti akakificha mwilini mwake, kila aliyepo anajua anakwenda kukifanyia nini, na siyo masikio. Niliona wanawake wanavuta watoto wao. Mmoja akasema ndiyo maana cherehani yake haikosi wateja. Mwingine akasema ndiyo maana hakutaka kumuaga, anaogopa macho ya marehemu. Hapo nikashtuka. "Kumuaga saa ngapi?" nikauliza, akadakia mama ntilie, ambaye alikuwa anangoja zamu yake.

"Na asubuhi alikula kwangu," akasema. "Chapati tatu."

Nje wanaume wakaanza tahlili. Nikaisikia inasogea, inaelekea barabarani, nikaelewa kwamba mama anatoka na mie sijamuona. Nyie, nilitoka mbio. Peku, mtandio umeanguka, pamba iko sikio moja, nikapita katikati ya turubai la wanaume ambako mwanamke hapiti, nikajikwaa kwenye kamba, nguzo ikang'oka na upande mzima wa turubai ukawashukia wazee waliokuwa hawajasimama. Sikugeuka. Nikalikuta jeneza limefika kwenye lami, nikakamata kile kitambaa cha kijani walicholifunikia, nikaning'inia. Wabebaji wakayumba. Bodaboda zimesimama, watu wa saluni wametoka na dawa kichwani, wote wanatazama.

Mzee mmoja wa msikitini akanishika bega. "Binti, rudi ndani. Makaburini ni sie wanaume."

"Sijamuona, baba," nikamwambia. "Sijamuona mama."

"Si uliitwa," akasema, bila ubaya. Habari ilishatoka ndani ikanitangulia barabarani.

Wakavitoa vidole vyangu kwenye kitambaa kimoja kimoja, wakaondoka naye. Nilipogeuka nikamuona Rehema kasimama mlangoni anashikiliwa na watu huku na huku. Alikuwa halii. Ni mara ya kwanza maishani kumuona dada yangu akiwa na macho makavu, na macho yenyewe yalikuwa yananitazama mie.

Yaliyofuata mnayajua, hamkosi. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, wengine hata sijavikata, mmoja akatuma mtu kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka kuvuka kizingiti changu. Kwa Mama Maganga nilipeleka kuku, ndiyo adabu ya aliyemkosea mtani. Akampokea, akamgeuzageuza, akasema Wazaramo hata faini yao inakonda. Kisha akaacha utani, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

"Hivi nilimuiga vibaya?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Ulimuiga vizuri mno."

Akatikisa kichwa. "Basi yameisha," akasema, akamfunga kuku miguu. Na kwake kweli yaliisha. Mtani niliyempiga ndiye peke yake aliyenisamehe.

Rehema alingoja mpaka arobaini. Baada ya hitima akagawa nguo za mama, kanga hii kwa huyu, dera hili kwa yule, ile ya zambarau akapewa Mama Maganga kwa haki ya utani. Zamu yangu ilipofika akaacha kugawa, akaniuliza mbele ya wote waliokuwepo.

"Niambie kweli, mdogo wangu. Ile pamba ulitaka kuifanyia nini?"

"Masikio yalikuwa yananiuma, dada."

Akaitazama ile nguo aliyoshika. "Mama amekufa," akasema, "wewe unauguza masikio." Akaikunja, akampa mtoto wa mama mkubwa.

Tumbo likanikaza na halikuachia tena. Nilipimwa kila kitu, choo, damu, picha, wakaniona mzima, mwishowe wakanipeleka kwa dada mmoja wa ushauri nasaha, msichana mpole aliyenisikiliza bila kuandika. Akaniambia siko peke yangu. Wapo watu wanazaliwa wepesi wa kushtuka, sauti na harufu na vitambaa vinawaingia kwa nguvu kuliko wenzao, na wengi wa hao hupata tabu kujua wanahisi nini, maana ni kama kusimama sokoni Tandika saa kumi jioni, kila muuzaji anakuita, huwezi kumsikia hata mmoja. Akasema siyo roho ngumu. Nilitamani amwambie hivyo mama mkubwa kwa spika. Nikamuuliza dawa ni nini, akasema nijizoeze kujiuliza mwenyewe, kila mwili ukiwa na jambo, ni jambo gani. Nikamwambia kazi hiyo nilikuwa na mtu wa kunifanyia. Nilikuwa na uchungu naye, yeye hana kosa, ila alikuwa amechelewa miaka arobaini.

Sasa sikilizeni nilivyomalizia, maana kofi lilikuwa la bahati mbaya lakini hili nililipanga. Mama mkwe wake Rehema akafariki, huko Mwananyamala. Nilikuwa nimekutana naye mara mbili, na mara zote mbili alilalamika kwamba dera nililomshonea linaburuza chini. Nikakaa nikafikiri, nikaona watu hawana shida na unachohisi, wana shida na wanachokiona, basi ngoja niwaonyeshe. Nilipofika tu getini nikajitwisha kanga kichwani nikaangua kilio, kilio cha Rehema mwenyewe, nimekisikia toka utoto nakijua kinapopandia na kinaposhukia. Nikamwita yule marehemu "mama yangu", nikauliza ananiachia nani, nikajitupa chini nikagaragara mpaka kwenye viatu vya watu. Masikioni sina kitu, kila sauti inapita kama kisu, sawa tu. Ndani yangu hakukuwa na chochote ninachokijua. Mama mkubwa Mwanaisha ndiye aliyeninyanyua, akanifuta vumbi, akawaambia wenzake kwa fahari, "Sasa amekuwa mtu."

Na Rehema akaja. Akakaa karibu yangu kwenye mkeka, bega kwa bega, akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu tufiwe. Mkono wake una joto na jasho, mie mikono ya watu huwa siivumilii, nikauvumilia. Akanitazama usoni, yale machozi yangu, akayatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe unaweza," akasema. "Sasa kwa mama ulishindwa nini?"

Akauachia mkono, akainuka kwenda kupokea wageni.

Basi nimeapa, na nyie ni mashahidi. Msibani siweki kitu masikioni hata spika ikiwekwa mapajani kwangu, mtani simgusi hata akinizika, na simlilii tena mtu ambaye moyoni simlilii. Wanaosema nina roho ngumu waendelee, nimeshawazoea. Rehema simu zangu hapokei. Nampigia kila Ijumaa baada ya swala, inaita mpaka inakatika, siyo kwamba siku hizi najua ninachohisi, sijui, ila yeye ndiye dada yangu na sina mwingine.